Kimo cha Maji kwenye Daraja la Lumemo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa fimbo. Ilikuwa ya mti mwepesi, ndefu kunipita hata nikinyoosha mkono, imepakwa rangi nyeupe na nyekundu kwa zamu, na kila rangi ilikuwa na kipimo chake. Bwana Fundi, Mjerumani aliyetumwa kujenga daraja la mto Lumemo hapa Ifakara, aliniwekea fimbo hiyo mkononi akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Wewe mtu wa padri, unajua kusoma. Shika hii, simama wima. Ukitikisika wewe, daraja langu linatikisika." Nikasimama wima. Nilikuwa nimevaa kanzu ya misheni na rozari shingoni, na nilijiona nimeinuliwa juu ya wenzangu.

Kabla jua halijawa kali, mnyororo ulifika. Hatukusema wafungwa wamefika. Tulisema mnyororo umefika, kwa kuwa walikuwa watu wanane na kitu kimoja. Kila mtu alikuwa na pete ya chuma shingoni, na mnyororo mmoja ulipita katika pete zote, ukiacha kati ya mtu na mwenzake nafasi ya hatua mbili. Wa nne alikuwa kaka yangu, Likoko. Sikuwa nimemwona tangu kabla ya vita, na mimi na mkewe tulikwisha kumlilia kama maiti. Fimbo ikatikisika mkononi mwangu. Bwana Fundi akanifokea kutoka ng'ambo ya mto.

Nawaandikia haya vijana wanaopita juu ya daraja lile kwa baiskeli na kuuliza kwa nini nguzo zake zina mstari katikati, kama mtu aliyefunga mkanda. Nimesikia wengine wakisema ni pambo la Wajerumani. Si pambo. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa maana nimelitumikia daraja hilo tangu likiwa shimo la tope hadi nilipostaafu, na Mungu amenipa umri mrefu kuliko nilivyostahili.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, njaa haijaisha. Askari walikuwa wamechoma maghala na mashamba tangu bondeni hadi milimani Mahenge, na watu walichimba mizizi. Kaka yangu alikuwa mvuvi, tena mtu mpole. Akida, msimamizi wa serikali, alimlazimisha kulima pamba, akamchapa viboko kwa kuchelewa kupalilia, akamchapa tena kwa kulalamika. Dawa ya maji ilipofika kijijini kwetu aliinywa kama walivyokunywa wengi, akapanda nao kwenda kupiga boma la Mahenge. Pale waliona bunduki ya bombom inavyofyeka watu. Alinusurika, akajificha kwenye mabwawa ya matete miezi mingi, na alijisalimisha mwenyewe bomani mtoto wake wa pekee alipokufa kwa njaa. Mimi wakati huo nilikuwa misheni kwa mapadri, nikila uji wa misheni. Sikupigana upande wowote.

Jioni ya siku ile ya kwanza nilimwendea Bwana Fundi. "Bwana, yule wa nne ni kaka yangu. Atafunguliwa lini?"

Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kazi, si mtu wa vita. "Imeandikwa bomani," akasema. "Daraja linasimama, Bwana Mkubwa wa boma anakuja kutoka Mahenge, anapita juu yake, mnyororo unafunguliwa. Basi wewe na kaka yako fanyeni haraka."

Tangu hapo sikuwa na sala nyingine ila daraja lisimame upesi. Mnyororo ule ulikuwa umekwisha kubadilishwa watu wawili tangu ulipotoka Kidatu, kwa sababu wale wa awali walikufa njiani. Pete ilichubua shingo, kidonda kikaingia usaha, homa ikafuata. Nilihesabu miezi kwa kutazama shingo ya kaka yangu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Bonde letu halina mawe. Ukichimba unapata tope na mchanga tu. Mawe yalibebwa vichwani kutoka chini ya milima, upande wa Mkula, yakavunjwa kwa nyundo kuwa kokoto. Mihimili ya chuma, yaani ile miti mirefu ya chuma inayobeba sakafu ya daraja, ilifika kwa reli hadi Morogoro, na kutoka huko mhimili mmoja ulibebwa mabegani na wanaume kumi na sita. Saruji ilikuja ndani ya mapipa ya mbao. Pipa lililolowa mvua njiani liligeuka jiwe, na hilo tulilitupa msingini pamoja na mbao zake.

Kwa ajili ya nguzo ilitubidi kwanza kuuzuia mto. Tulichomeka miti mtoni kuzunguka mahali pa nguzo, mistari miwili kama ua, tukashindilia udongo wa mfinyanzi katikati, kisha tukateka maji ya ndani kwa ndoo hadi chini pakaonekana. Mnyororo ndio uliochimba humo. Zege tulichanganya pipa moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Lilipomwagwa lilifunikwa kwa nyasi mbichi na kumwagiliwa maji siku nyingi ili lisipasuke. Mimi nilishika timazi, ile kamba yenye kipande cha risasi kinachoning'inia, kuhakikisha nguzo haiinami.

Hata mle shimoni watu walitaniana. Mtu wa tano, jirani ya kaka yangu, alikuwa mfinyanzi aitwaye Mgeta, mwenye maneno mengi. Kila asubuhi aliuliza, "Leo nani ana tumbo? Aseme mapema tukubaliane," kwa kuwa mmoja akienda porini, wanane walikwenda. Na mimi alinipa jina. "Shikamoo, Mwenye Fimbo," alisema, ingawa nilikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Niliona haya, nikajifanya natazama timazi.

Nguzo zilipotoka juu ya maji ya kiangazi, Bwana Fundi alitaka kujua kimo cha maji. Maana yake ni mahali pa juu kabisa mto unapofika wakati wa masika. Kichwa cha nguzo hupimwa kutoka hapo, na juu yake huachwa nafasi ya magogo kupita. "Uliza wenyeji," akaniambia. "Mimi nimekuja juzi."

Mwenyeji wa kuulizwa alikuwa Mzee Kilembe, mvushaji. Yeye na baba zake ndio waliovusha watu kwa mtumbwi pale tangu zamani. Katika ukoo wao ilikuwa desturi kwamba kila mafuriko makubwa yakitokea, mvushaji hukata mkato kwenye shina la mkuyu ulioko ukingoni, maji yalipoishia, na chini ya mti huweka unga na kuwaombea wazee waliotangulia. Alinipeleka akanionyesha mikato. Wa juu kabisa ulinipita kichwa, nikalazimika kunyoosha mkono wote kuugusa.

"Huu aliukata babu yangu," akasema. "Mwaka ule mitumbwi ilifungwa kwenye mapaa. Mwambie Mzungu wako aanzie hapa. Akijenga chini ya hapa, anamtandikia kiboko kitanda."

Nilitazama ule unga chini ya mti, nami nilikuwa nimefundishwa kwamba matambiko ni giza. Lakini vilevile nilipiga hesabu. Kuinua nguzo hadi pale kulihitaji mawe mengine mengi kutoka Mkula, na Bwana Fundi alikwisha kusema kwamba mawe yakizidi yale yaliyokwisha kupangwa tungengoja kiangazi kingine. Mwaka mzima. Shingo ya kaka yangu isingefika mwaka mzima. Leo nikijiuliza ni lipi lilinisukuma zaidi, dini yangu changa au haraka yangu, sipati jibu, na nimejiuliza kila Kwaresima.

Kwenye miti ya ukingoni kulikuwa pia na mstari wa tope ulioachwa na masika yaliyopita, usawa wa kifua changu. Nilisimamisha fimbo pale.

"Maji yanafika hapo?" akauliza Bwana Fundi.

"Yanafika hapa, Bwana."

"Na ile mikato juu ya mti?"

"Ni mambo ya mizimu, Bwana."

Akacheka. "Mizimu sipimi," akasema, akaandika kwenye daftari lake.

Wakati wa mapumziko niliruhusiwa kuwapelekea maji ya kunywa kwenye kibuyu. Siku ile nilikwenda na furaha. "Kaka, nguzo zitakwisha kabla ya mvua. Utakuwa nyumbani."

"Mmeweka kimo gani?"

Nikamwonyesha kifuani. Aliacha kunywa.

"Wewe umekulia hapa," akasema. "Mkato wa babu yake Kilembe unaujua."

"Ni upagani, kaka."

"Mdogo wangu, mimi nilikunywa dawa nikaambiwa risasi zitageuka maji. Nimewaona waliokufa, nimelala kati yao. Kitu cha uongo nakijua sasa. Ule mkato si dawa, ni kipimo, kama fimbo yako hiyo. Nenda kamwambie."

"Nikimwambia utakaa mwaka mwingine."

"Nitakaa."

Mgeta akadakia kutoka nyuma yake. "Sema 'nitakaa' peke yako, bwana. Mimi hujaniuliza." Wakacheka wote wanane, na mnyororo ukalia kwa kicheko chao. Kaka yangu pia alicheka. Kisha akanirudishia kibuyu na kunitazama, akingoja.

Sikwenda. Badala yake nilisali rozari, nikimwomba Mungu masika yawe mepesi. Vijana, nilimwomba Mungu anisaidie uongo wangu uwe kweli, na nilipiga magoti kabisa nikiomba hivyo.

Daraja lilisimama. Mihimili ilivutwa juu ya nguzo kwa magogo ya kuviringisha na kamba, ikaunganishwa kwa ribiti, vile vichwa vya chuma mnavyoviona vimepangwa kama vifungo. Ribiti huchomwa hadi iwe nyekundu, huingizwa tunduni, na mafundi wawili huigonga kutoka pande mbili. Ikipoa hujikaza yenyewe. Tulimaliza mawingu yakianza kukusanyika milimani. Bwana Fundi alituma barua Mahenge. Jibu likaja kwamba Bwana Mkubwa atafika baada ya wiki moja.

Hakufika. Mvua ilianza kabla yake, na mto Kilombero, ambao lazima auvuke kutoka Mahenge, ukajaa kutoka ukingo hadi ukingo. Mimi nilikwenda kumwomba Bwana Fundi awafungue, kwa kuwa daraja limekwisha. Akasema, "Imeandikwa Bwana Mkubwa anapita, ndipo unafunguliwa. Mimi si boma." Tukangoja. Masika hayakuwa mepesi.

Asubuhi ya siku ninayoieleza, mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka, lakini maji ya milimani ndiyo kwanza yalikuwa yanafika. Lumemo ilikuwa imepita mstari wangu wa tope. Ilileta magogo na visiwa vizima vya matete vilivyong'oka, vikajazana kwenye mihimili, na mto ukaanza kulisukuma daraja kwa uzito wake wote. Chuma kilikuwa kinalia. Bwana Fundi akaamuru mnyororo upande juu uondoe magogo kwa miti mirefu. Walipanda. Kaka yangu alipita karibu nami, mti wake begani.

Hapo ndipo nilipokwenda. Nilimshika Bwana Fundi mkono, jambo ambalo mtu mweusi hakulifanya siku zile. "Bwana, maji yatapanda zaidi. Mkato wa juu ni wa kweli. Niliujua."

Alinitazama, kisha akautazama mkuyu, kisha mto. "Sasa ndipo unasema," akasema taratibu. Akageuka akawaita warudi, na akamwita ombasha, mkubwa wa askari, alete ufunguo awafungue haraka. Ufunguo ulikuwa kambini, ndani ya sanduku. Ombasha akakimbia. Nakumbuka mgongo wake akikimbia, na jinsi kambi ilivyokuwa mbali.

Walikuwa wanarudi kwa mstari, maji yakiwafika magotini. Nilimsikia kaka yangu akiwaambia, "Shikeni mhimili. Msishike mnyororo, shikeni mhimili." Kisha mti mzima, na mizizi yake, ukaja ukagonga daraja upande wao. Wa pili aliteleza. Alimvuta wa kwanza na wa tatu. Kaka yangu alikuwa amekumbatia chuma kwa mikono yote miwili, akawashikilia watatu kwa shingo yake. Sijui ni kwa muda gani. Niliona Mgeta akijaribu kumshika kiunoni. Kisha mikono ikaachia, na wanane wakaenda mmoja baada ya mwingine, upesi, kama kamba inayovutwa kupitia tunduni. Ombasha alipofika na ufunguo, hapakuwa na mtu juu ya daraja.

Mzee Kilembe ndiye aliyewapata, siku ya tano, kwenye matete huko chini, wote wanane wakiwa bado pamoja. Aliwaleta kwa mitumbwi miwili iliyofungwa ubavu kwa ubavu. Aliniambia tu nishike upande wa miguu. Bwana Fundi alinipa ufunguo yeye mwenyewe, akageuka pembeni. Nilifungua pete nane, moja moja. Ya kaka yangu ilikuwa imeingia nyamani.

Baadaye Bwana Fundi aliniita hemani. Alikuwa ameandika taarifa kwamba maji yalikuwa ya ajabu, yasiyotazamiwa na mtu. "Ulisema uongo," akasema, "na mimi niliupokea kwa sababu ulinifaa. Mikato niliiona kwa macho yangu. Kiangazi tunajenga tena." Tukajenga tena. Mihimili iliinuliwa kidogo kidogo juu ya vipande vya mbao vilivyopangwa, vichwa vya nguzo vikachokorwa kwa patasi ili zege jipya lishike, na nguzo zikapandishwa hadi mkato wa juu na zaidi. Zege la mwaka mmoja halifanani kabisa na la mwaka mwingine, hata ukilisugua. Huo ndio mstari.

Niliungama kwa Padri misheni. Nilitarajia kufukuzwa. Yeye akasema, "Mungu amekusamehe. Sasa kaa na hilo daraja." Nikakaa nalo. Wajerumani walipoondoka wakaja Waingereza, nikawa mlinzi wa daraja chini ya mkaguzi wa barabara. Nilipelekwa kutazama madaraja ya Kidatu, baadaye ya Mngeta, na kila mara niliomba kurudishwa Lumemo. Kazi ya mlinzi ni kugonga ribiti kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Iliyolegea hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Ni kukwangua kutu, kupaka rangi, kuondoa magogo yakingali machache, na kusoma kimo cha maji kila asubuhi. Maji yakipita alama, unafunga daraja. Nimelifunga mara nyingi. Mkuu wa wilaya mmoja alisimama ng'ambo akinitukana kutwa nzima, mvua ikimnyeshea, nami nikamjibu kila mara, "Samahani, Bwana, bado."

Mke wa kaka yangu niliishi naye kama dada maisha yangu yote. Alibatizwa akaitwa Agata. Alijua mumewe alisombwa na maji kazini. Zaidi ya hayo sikumwambia kwa miaka mingi. Nilimwambia mwaka ambao nilistaafu, nilipokuwa sina tena kazi ya kujifichia. Alikuwa anapepeta mchele uani. Nilimweleza yote, mkato, fimbo, kibuyu.

Aliacha kupepeta. "Alikuambia umwambie Mzungu?"

"Aliniambia, shemeji."

"Na hukwenda."

"Nilitaka arudi nyumbani."

Aliushusha ungo mapajani. "Hata mimi," akasema, "ungeniuliza siku ile, ningekuambia useme uongo." Akalia kidogo, kisha akamaliza mchele wake. Tulikula pamoja jioni ile kama kawaida. Aliaga dunia miaka mitatu baadaye, na katika muda huo wote hakulitaja tena, ila kila Jumapili alinipisha nipite mbele yake kwenda kukomunika, jambo ambalo hapo awali hakulifanya.

Mimi sasa ni mzee, na namshukuru Mungu kwa uvumilivu wake kwangu. Daraja halinihitaji tena. Mlinzi mpya ni kijana Mpogoro, ana masikio mazuri. Lililobaki ni hili. Kila mwaka naomba misa ya wafu kwa ajili ya wale wanane, na padri husoma majina. Majina ninayo sita tu. Wawili wa mwisho wa mnyororo, wa saba na wa nane, walikamatwa upande wa Mngeta na waliletwa kwetu kujaza nafasi za waliokufa njiani. Nilisimama nao karibu mwaka mzima, nikawapelekea maji kila siku, na sikuwahi kuwauliza wanaitwaje. Wa saba alikuwa mrefu, mwenye kovu la moto mkono wa kushoto. Wa nane alikuwa na mwanya, na alikuwa anaimba. Kama ukoo wenu una babu aliyetoka Mngeta wakati wa njaa ile asirudi, naomba mje. Mtanikuta kanisani Ifakara baada ya misa ya kwanza, benchi la nyuma. Sihitaji mnisamehe. Nataka majina.